Balansi ni ya nani?

Busia, Uganda

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikamwekea na mama yako naye asikie. Tumefurahi kwamba umepata chumba karibu na kazini na kwamba foleni za Dar hazikutesi tena asubuhi. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, kwa sababu jambo uliloniuliza halitoshi kwenye simu, na mtandao wa hapa mpakani hukatika mtu akifika penye maana.

Umeniuliza hivi. Ulikwenda duka moja la Kariakoo, ukatoa noti ya elfu kumi, ukachukua mafuta na sabuni, kisha ukamwambia muuzaji akupe balansi yako. Akakukodolea macho. Wenzako wa ofisini wakacheka, wakasema hiyo inaitwa chenji, balansi ni habari za benki. Sasa unataka kujua kama sisi wa Uganda tunalikosea neno la Waingereza, na kama mimi na mama yako tulikufundisha vibaya.

Hukufundishwa vibaya. Ukiwa Dar sema chenji, upewe pesa yako uende zako. Hata hapa kwetu wewe mwenyewe ulikuwa ukivuka kwa miguu kwenda upande wa Kenya kununua unga, na ulipofika upande ule ulijua kusema chenji bila kufundishwa na mtu. Mtoto wa mpakani hubadilisha neno anapobadilisha noti. Hilo sioni kama lina mjadala.

Ila swali lenyewe, mwanangu, silo hilo. Neno likiwa sahihi au lisiwe sahihi, duka halitafungwa. Swali ni hiyo pesa iliyobaki ni ya nani. Pesa iliyobaki ina mwenyewe. Najua umelisikia hili kwangu mpaka umelichoka, na kaka yako hulimalizia kabla sijalitamka, lakini nitalisema tena kwa sababu sijawahi kukueleza vizuri lilitoka wapi.

Kwanza tazama jinsi tunavyolitumia neno hilo hapa kwetu. Wa bodaboda akikwambia hana balansi, anamaanisha hana pesa ndogo za kukurudishia. Mwalimu mkuu akimrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya balansi, anamaanisha karo ambayo mzazi hajamalizia. Wakala wa pesa za simu akikwambia balansi yako ni elfu arobaini, hizo ni pesa unazo, zimo humo. Mwenye kiwanja akiandika kwenye mkataba kwamba balansi italipwa mwezi wa nane, hizo huna, na mwezi wa nane unakuja mbio. Basi pesa ninayomdai mtu, pesa ninayodaiwa, na pesa niliyo nayo mkononi, zote tatu tumezipa jina moja. Mtu akikuletea karatasi imeandikwa "balansi 40,000" na mengine hakuna, huwezi kujua kama ushukuru au ukope.

Wenzako wakikuambia hayo ni makosa ya Waganda, waambie neno lenyewe limezaliwa na pande mbili. Asili yake ni Kilatini, sahani mbili, yaani mizani ya kupimia. Waweka hesabu wakalichukua kwa sababu daftari lao nalo lina pande mbili, walizopokea na walizotoa. Upande mmoja ukipungua, unaandika kiasi kinachopungua ili chini pande zote zilingane, na kiasi hicho ndicho balansi. Ukitoa elfu kumi kwa bidhaa za elfu saba, ile elfu tatu anayokurudishia muuzaji ndiyo inayosawazisha biashara yenu. Kwa hiyo mama muuza nyanya wa hapa Busia anayesema "shika balansi" anatembea njia ileile ya mwenye daftari. Wanigeria na Waghana nao husema hivyo hivyo madukani. Marekani katika karne ya 19 walikuwepo waliokemewa na watu wa sarufi kwa kuita kitu chochote kilichobaki balansi, na wakaendelea kuita. Sisi si wa kwanza wala hatuko peke yetu.

Na kuna ile ya baiskeli. Hapa Busia ndipo bodaboda zilipoanzia, vijana wakipakia watu na mizigo kwenye baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Babu yako mdogo alikuwa mmoja wao. Aliyekuwa akibeba gunia na mama mjamzito kwa safari moja alisifiwa kwamba ana balansi, na sifa hiyo haikuwa na deni ndani yake. Hiyo ndiyo balansi pekee ambayo bibi yako alikuwa akiitamka kwa furaha. Ile nyingine hakuitaka ndani ya nyumba yake.

Nimefika kwa bibi yako. Nilijua nitafika.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana, nimemaliza shule, jioni najifunza uwekaji hesabu kule Tororo. Bibi yako alikuwa akinunua mukene ziwani Majanji (hao wa Dar wanawaita dagaa), anawauza mpaka ndani huko, na pesa aliyopata anashuka nayo Tororo kununua sabuni, chumvi na mafuta ya taa kwa ajili ya kibanda chake. Siku hizo bei zilikuwa zinapanda kati ya asubuhi na jioni. Mtu alikwenda sokoni na noti kwenye kikapu, akarudi na bidhaa kwenye leso. Ukiwa na pesa unaikimbiza igeuke sabuni kabla haijawa karatasi. Kwa hiyo bibi yako alikuwa na mazoea na mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu mzima, mwenye heshima yake mjini, akimwachia pesa mapema ili bidhaa zikifika awekewe fungu lake.

Safari ile alimpa pesa, akapewa sabuni, na sabuni haikutosha kiasi cha pesa aliyotoa. Mzigo ulikuwa umekwisha. Mfanyabiashara akamwambia mama, usijali, utachukua ukija tena, na karani wake akachana ukurasa wa daftari la shule, akaandika jina la bibi yako, tarehe, kisha "Bal. 60,000", akatia sahihi. Bibi yako hakujua kusoma Kiingereza, ila neno hilo alilijua kwa masikio kama kila mtu. Balansi ni kile unachorudishiwa. Akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso pamoja na hirizi ya kaka yangu.

Tarehe 15 Mei mwaka huohuo serikali ikabadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na kila aliyepeleka noti zake kubadilisha akakatwa asilimia 30 ya kodi. Mtu aliyekuwa na laki moja ya zamani alipaswa kupata elfu moja mpya, akaondoka na mia saba. Dola iliyokuwa kwa bei ya serikali shilingi 1,400 za zamani ikawekwa kwenye shilingi 60 mpya, yaani elfu sita za zamani. Wakubwa walisema ilikuwa lazima, kupunguza pesa zilizokuwa zimejaa mikononi mwa watu bila bidhaa za kununua, na mimi niliyesoma hesabu sikatai hoja yao. Lakini hoja ni kitu kimoja, na kumwona mama yako anahesabu alichobakiza ni kitu kingine.

Bibi yako hakuwa na noti nyingi za kukatwa. Mali yake ilikuwa ile karatasi. Akasema, karatasi haikatwi, twende Tororo. Nikamfuata.

Tulipofika, mfanyabiashara hakuwepo dukani, alikuwepo karani. Bibi yako akafungua pindo, akampa karatasi, akasema kwa Kiswahili kwamba amekuja kuchukua balansi yake. Karani akaisoma. Kisha akafungua daftari lake kubwa, akatafuta jina, akalikuta, na mbele ya jina pameandikwa "Bal. 60,000" vilevile. Akamgeuzia bibi yako daftari, ingawa alijua hasomi, akasema: mama, hii balansi ni ya kwetu, wewe ndiye unayedaiwa, tena tulikuwa tunakungoja.

Mwanangu, mpaka leo nikilikumbuka lile daftari linavyogeuzwa juu ya kaunta, kifua kinanibana. Nilisema palepale kwamba hakuna mtu anayekwenda kwa miguu yake kumdai anayemdai yeye. Karani akaniambia kijana, wewe umesoma, unajua kabisa balansi kwenye vitabu ni deni. Alisema hivyo kwa Kiingereza, ili bibi yako asielewe, na wateja wengine dukani wakamtazama bibi yako wakidhani ni mdaiwa aliyekuja kufanya ujanja. Bibi yako hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, amesema nini? Nikamwambia. Akasema, basi tukaulizane mbele ya watu.

Wakati huo mabaraza ya wananchi ya mtaa, yaani RC, haya ambayo leo tunaita LC, yalikuwa bado mageni na watu walikuwa na imani nayo sana. Mwenyekiti wa mtaa ule alikaa na wajumbe wake chini ya mti, mfanyabiashara mwenyewe akaitwa akaja, na kwa sababu mzozo wote ulikuwa wa neno moja, wakamwita mwalimu wa shule ya msingi aje aseme balansi ni nini.

Yule mwalimu alikuwa mtu mwaminifu, simlaumu hata kidogo. Akasema ukweli: pesa ileile moja, kwenye daftari la anayedai inaandikwa upande mmoja, na kwenye daftari la anayedaiwa inaandikwa upande wa pili, na katika madaftari yote mawili inaitwa balansi. Kwa hiyo ili ajue nani anamdai nani, aonyeshwe ni upande gani. Akaomba daftari. Likaletwa. Daftari la karani halikuwa na upande. Lilikuwa orodha, majina kushoto, tarakimu kulia, na mbele ya kila tarakimu "Bal.", "Bal.", "Bal.", mstari baada ya mstari. Wadai na wadaiwa wamelala humo pamoja, na aliyeweza kuwatenganisha ni yule aliyeandika peke yake.

Hapo ndipo bibi yako aliposimama, akaisema ile kauli ambayo shangazi zako huirudia kila msiba na kila harusi. Alisema: "Kama neno lenu lina pande mbili, lianze kusema upande wa aliyetoa pesa. Mimi nilitoa, na sabuni zangu nilizihesabu. Pesa iliyobaki ina mwenyewe." Wanawake waliokuwa wakipita njia walisimama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yangu na kikapu kitupu mkononi, na sijawahi kujivunia mtu kama nilivyomjivunia yeye siku ile.

Vigelegele havikulipa. Mfanyabiashara, alipoona watu wanamwelekea bibi yako, aligeuza maneno kwa upole mkubwa. Akasema hata tukichukulia kwamba mama ndiye anayedai, elfu sitini za zamani sasa ni mia sita, na pesa zake yeye zote zilizokuwa kwenye sanduku zimekatwa asilimia 30, basi haki ni mia nne na ishirini, na kwa mia nne na ishirini watu wazima hawagombani. Mwenyekiti akaona mlango wa kutokea. Akaamua kwamba kwa kuwa karatasi ni moja na daftari ni moja na vyote viwili vinasema kitu kimoja, hakuna anayemdai mwenzake, na wapeane mikono.

Bibi yako alikataa mkono. Alichukua karatasi yake, akaifunga tena kwenye leso, tukarudi nyumbani.

Sasa nimekuwa nikijadiliana na nafsi yangu miaka yote hii, na kila nikidhani nimemaliza ninaanza upya. Wakati mwingine nasema yule karani huenda aliamini alichosema. Mwenye daftari lisilo na pande husahau kweli, na ule mwaka kila mtu alikuwa amechanganyikiwa, zero mbili zimekatwa kwenye kila kitu, watu wanauziana ng'ombe kwa bei wasiyojua kuisoma. Mfanyabiashara naye alipoteza, tena alipoteza zaidi ya bibi yako ukipima kwa noti. Mtu aliyekatwa karibu theluthi ya mali yake huona kila deni analodaiwa ni la uongo. Hilo naweza kulielewa.

Lakini nikishalielewa, ninamkumbuka mfanyabiashara mwenyewe, si karani. Yeye ndiye aliyepokea pesa mkononi. Yeye ndiye aliyesema utachukua ukija tena. Aliyepokea anajua kwamba amepokea, daftari liwe na pande au lisiwe nazo. Na zile hesabu zake za mia nne na ishirini, kwa nini aanze kupunguza deni ambalo alikuwa ameshasema si lake? Ukishaanza kujadili kiasi, umekubali. Mwalimu alilisikia hilo, mwenyekiti alilisikia, hakuna aliyelishika. Halafu narudi tena upande wa pili: labda alikuwa anataka tu yaishe.

Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza kama mtu yule alikuwa mwizi, nikakwambia ukalale. Sasa umekuwa mtu mzima na bado sitakujibu. Ameshafariki, ana wajukuu, mmoja wao alisoma na kaka yako. Neno liko mdomoni mwangu na ninalizuia, na kulizuia kwenyewe si rahisi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumbani kwetu methali hiyo ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya mlango. Mimi nimeishi kwa methali hiyo, nimelea nyinyi kwa mshahara wa kuandika vitabu vya hesabu vya wenzangu. Na bado mali ya bibi yako ilipotea ndani ya daftari, mchana, mbele ya mashahidi na mwalimu. Kwa hiyo nasema daftari peke yake halitoshi. Daftari liseme ni ya nani.

Tangu siku ile bibi yako hakuruhusu mtu aseme balansi kwenye kibanda chake. Mteja akiacha pesa au akichukua bidhaa bila kumalizia, alimwambia kwa mdomo wake, kwa sauti: "ninakudai" au "unanidai", na kiasi, na mtu wa tatu asikie. Wengine walimwona mgumu. Wanawake wa mukene walimpenda kwa ajili hiyo hiyo, wakaja kumwekesha akiba zao. Na wewe ndivyo ulivyolelewa, hata kama hukujua sababu. Mlipokuwa mnatumwa dukani, mkirudi nilikuwa siulizi balansi iko wapi, nilikuwa nauliza duka linatudai au tunalidai. Kaka yako yule siku aliyorudi na pipi mbili kwa sababu mwenye duka hakuwa na sarafu ya mia, nilimrudisha nazo, usiku, na mvua inanyesha. Mama yako alinigombeza. Pipi ni pipi, alisema. Mwenye duka aliniambia mzee, kwa mia moja? Nikamwambia ndiyo, kwa mia moja. Mbona mimi nikija kununua mkate siwezi kulipa kwa pipi?

Usifikiri mambo haya ni ya vibanda tu. Shangazi yako wa Mbale alikuwa na kitabu cha benki, balansi imechapwa humo kwa mashine, safi. Katika miaka ya 1998 na 1999 Benki Kuu ilifunga benki kadhaa nchini, na ya shangazi yako ikawa mojawapo. Alisimama nje ya lango ameshika kile kitabu akiwaonyesha watu, pesa yangu hii hapa, imeandikwa. Nilimwambia dada, hiyo iliyoandikwa humo si pesa, ni deni la benki kwako. Alikasirika siku zile kana kwamba mimi ndiye niliyefunga lango. Alilipwa baadaye, baada ya foleni na karatasi nyingi. Lakini tangu siku hiyo anaelewa kwamba balansi ya benki maana yake ni benki inadaiwa, na ukiielewa hivyo hutamwogopa tena karani wa dirishani, maana wewe ndiye mdai umekuja kwa mdaiwa wako.

Na pesa za simu ni vivyo hivyo. Zilipoanza hapa Uganda mwaka 2009 tulishangilia, mimi wa kwanza, kwa sababu kila ukituma au kupokea simu inakuandikia papo hapo. Huko kwenu inakuandikia salio, neno zuri, nalipenda. Lakini salio nalo halisemi lote. Mwaka 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala, kisha ikaishusha mpaka asilimia 0.5 kwenye kutoa tu, mama yako alikuwa akisoma elfu hamsini kwenye simu, akifika kwa wakala anapata pungufu kwa ada na kodi. Akaniuliza zile nyingine zilikuwa za nani, mbona niliandikiwa ni zangu? Nilifurahi sana kuulizwa hivyo. Hilo ndilo swali la bibi yako, limerudi kwa mkwewe.

Basi ukitaka kunisikia kwa jambo moja, nisikie kwenye kazi yako. Umeniambia wewe ndiye unayeandaa taarifa za mikopo za wanachama wa hicho chama chenu cha akiba. Sijui kompyuta yenu inaandika nini chini ya ukurasa, lakini kama inaandika salio na tarakimu, na basi, mwombe mkubwa wako muongeze sentensi nzima. "Chama kinakudai kiasi hiki." Au, "Unakidai chama kiasi hiki." Atakwambia kila mtu anaelewa. Mwambie kwa heshima kwamba si kila mtu, kwamba yupo mama wa soko anayebeba karatasi hiyo kwenye pindo la khanga akidhani ni pesa yake, na yupo mwingine anayeogopa kuja ofisini akidhani anadaiwa, kumbe ana akiba. Akikataa, basi waambie wewe mwenyewe kwa mdomo wanapokuja dirishani. Haichukui muda.

Na wenzako waliocheka, usiwakasirikie. Chenji ni neno la haraka, linatosha dukani. Nami nikifika Dar nitalisema, ingawa ulimi utateleza.

Kuhusu kile kiwanja kando ya barabara ya Majanji, mama yako anasema ulichanganyikiwa na ujumbe niliomwambia kaka yako akuandikie, kwa kuwa aliandika balansi bila maelezo. Nimeshamsema. Hali ni hii: sisi tunadaiwa na mwenye shamba shilingi 1,200,000 za Uganda, mwisho wa kulipa ni Desemba. Mjomba wako naye anatudai 300,000 alizomlipa mpima ardhi kwa niaba yetu. Hakuna mwingine anayetudai kwa ajili ya kiwanja hicho, na sisi hatumdai mtu. Imeandikwa hivyo hivyo kwenye karatasi tatu: moja anayo mwenye shamba, moja mjomba wako, ya tatu iko kwa mama yako. Ukituma chochote, tuma kwa namba yake, yangu inasumbua tangu mvua za wiki iliyopita.

Baba yako